Chumba cha Nyuma Kiacheni

Nyumba ya Mtaalamu ilikuwa inavuma. Ukisimama kwenye kona ya barabara yetu ya Makandana, hapa Tukuyu, pale inapokata kuelekea hospitali, ulisikia mvumo mdogo usiokatika, mchana kutwa, mvua inyeshe isinyeshe. Mgeni akiuliza kama kuna mashine ya kusaga karibu, tulimjibu hapana, huyo ni Mtaalamu. Hatukusema hiyo ni nyumba yake. Tulisema huyo ni Mtaalamu, kwa sababu yeye na mvumo wake tulishavihesabu kuwa kitu kimoja.

Jina lake sitalitaja. Naona haya kulitamka mahali ambapo hawezi kunijibu. Alikuwa afisa TEHAMA katika ofisi moja pale mjini, na mtaani tulianza kumwita Mtaalamu kwa utani, kisha utani ukaisha likabaki jina. Mimi ni balozi wa nyumba kumi wa upande ule. Ni kazi isiyo na mshahara wala kiti, ila maneno yake hayaishi. Msiba ukitokea, mimi ndiye napanga nani anapasua kuni, nani anachota maji, nani anakwenda kuchimba kaburi. Nilikuwa najisifu kwamba Makandana nzima hakuna anayepanga msiba kama mimi. Siku hizi mtu akinisifu kwa hilo nageuza mazungumzo.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye sweta la bluu lililotoboka viwiko na magambuti aliyoyavua mlangoni kwa utaratibu kama mtu anayeingia msikitini. Shingoni alining'iniza kamba yenye funguo mbili na vijiti vitatu vya kuhifadhia kumbukumbu. Alitembea akitazama juu, kwenye nguzo na mapaa, kwa sababu huko ndiko waya zake zilikopita. Wiki haikuisha bila kuingia kwenye dimbwi. Mkewe alikuwa akisema ukitaka kujua Mtaalamu amepita njia gani, fuata madimbwi yaliyokanyagwa katikati.

Mkewe huyo alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisani, na sote tulimwita hivyo, Mwalimu wa Kwaya, hata sisi tuliomzidi umri. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye sauti ambayo ukiisikia asubuhi anamwita kuku unajua leo itakuwa siku njema. Watoto wao walikuwa wameshakua na kuhamia mbali. Sijui wawili hao walikutana wapi. Mmoja alizungumza na mashine na mwingine alizungumza na kila kitu kilichobaki.

Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilijengwa kiwe cha wageni, lakini kitanda hakikuwahi kuingia. Iliingia kwanza kompyuta moja kubwa iliyoachwa na ofisi fulani ilipobadilisha vifaa. Mtaalamu akaifuta vumbi, akaiongezea diski, akaiita seva. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Vikafuata swichi, ruta, betri nne za gari za kushika umeme ukikatika, na kebo za bluu na za njano alizozilaza ukutani zikanyooka kuliko mistari ya chai kule mashambani. Kwa kuwa hakuwa na rafu ya kupangia, alichukua kabati la vyombo la mkewe, akang'oa milango, akatoboa mgongo wake ili hewa ipite. Sahani za Mwalimu wa Kwaya zikahamia kwenye ndoo.

"Wenzangu wana wake wenza wenye miguu," aliwaambia akina mama kisimani. "Mke mwenzangu mimi ana feni."

Mtaalamu alisema alirudi kutoka Dar es Salaam kwa sababu ya baridi. Watu wengine hurudi kwa sababu ya wazazi, au ya ugonjwa, au wamefukuzwa kazi. Yeye alisema kule alikuwa anapigana na joto kila siku ili mashine zisife, wakati kwao Rungwe mlima unapoza bure. Kwenye dirisha la kile chumba alitoa kioo akaweka wavu, ubaridi ukawa unaingia wenyewe. Unyevu ndio uliomsumbua. Aliweka mabeseni ya mkaa mkavu kwenye pembe zote nne, akawa anaubadilisha kila Jumapili baada ya ibada, na mkaa uliokwisha kunywa unyevu akauanika juu ya jiko. Nimeona watu wakilea ng'ombe wa maziwa kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Swali lake lilikuwa moja. Ukimwonyesha kitu chochote unachokipenda, picha, cheti, mwavuli mzuri, alikuuliza, "Una nakala ya pili?" Alimuuliza mchungaji baada ya mahubiri. Alimuuliza mzee wa duka la vitenge, Mwislamu wa pekee katika nyumba zangu kumi, alipomsikilizisha kanda ya marehemu baba yake akisoma Kurani. Mzee akasema hana, anayo hiyo tu na imeanza kukwaruza. Mtaalamu akaibeba ile kanda kwa mikono miwili, na baada ya siku mbili akairudisha pamoja na ujumbe kwamba sauti ya baba sasa inakaa kwenye kabati, haitazeeka. Mzee wa vitenge aliniambia alishindwa kula mchana ule.

Ndivyo chumba kile kilivyojaa. Watu walianza kumpelekea vitu vyao. Picha za harusi, video za ubatizo, sauti za wazee, albamu nzima zilizoanza kushikana kurasa kwa unyevu wa kwetu. Hakumtoza mtu. Alikaa akavipiga picha kimoja kimoja, akavipanga kwa majina ya nyumba, na mtu akihitaji chake alikipata kwa dakika moja. Na kila Jumamosi mchana alifungua sebule. Alikuwa na televisheni kubwa na spika nne alizozitundika pembeni mwenyewe, na sebule yenyewe ilipangwa kwa hesabu. Kochi lilikuwa na alama za chaki sakafuni, ukilisogeza alilirudisha bila kusema neno. Tulikaa tukajiangalia. Mtaa mzima ulikuwa umo mle, wakiwemo waliokufa.

Nakumbuka Jumamosi moja bibi mmoja wa nyumba ya saba alimwona mumewe, aliyekwishazikwa, akicheza kwenye harusi ya binti yao. Bibi akasimama katikati ya watu.

"Ugonile, tata," akamsalimia. Kisha akatugeukia. "Mbona hamkuniambia yupo huku?"

Hakuna aliyecheka. Mtaalamu akairudisha ile sehemu nyuma, akaionyesha tena, na tena, mpaka bibi akaridhika akakaa. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sitaki mdhani ninampamba kwa sababu ya lile nililolitenda. Alikuwa mgumu. Alitugawia mtandao bure, nyumba zote zilizoweza kuushika, lakini aliupa jina Salimia Kwanza, na neno la siri alilibadilisha kila Jumatatu. Kulipata ilibidi ufike getini kwake, umsalimie, uulize habari za nyumbani, usubiri naye akuulize za kwako, ndipo akunong'oneze. Ukituma mtu hupewi. Ukipiga simu hupewi. Mtu asiyejua kuanzisha mazungumzo alikuwa amebuni namna ya kuwalazimisha watu waje kuongea naye. Leo nalitazama jambo hilo namwonea huruma. Wakati ule lilinichoma. Mimi ni balozi. Watu hupanga foleni kwangu kutaka barua, na Jumatatu asubuhi ninasimama getini kwa mtu na kuulizwa kama migomba yangu imepona.

Kisha kukatokea lile la viatu. Siku moja walinitembelea wageni wawili kutoka kata ya jirani, viongozi wenzangu, nami nikawa nimejigamba kwamba katika nyumba zangu kumi kuna chumba chenye mitambo ambayo hata ofisi za mjini hazina. Nikawapeleka. Mtaalamu akafungua mlango wa mbele, akawasalimia vizuri, akawatazama miguuni, akanitazama na mimi.

"Balozi, viatu vyako vina matope," alisema. "Sebuleni karibuni. Chumba cha nyuma hapana."

Tukuyu nani hana matope kwenye viatu? Nilicheka mbele ya wageni, nikasema huyu bwana ana masihara. Tukanywa chai. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa nimevimba, na uvimbe ule niliukalia zaidi ya miaka mitatu. Nilimsalimia kila Jumatatu, nikachukua neno la siri, nikatabasamu. Hata harusi ya binti yangu niliyompelekea aitunze nilimpelekea nikiwa na kinyongo.

Mwalimu wa Kwaya aliugua moyo. Walimpeleka hospitali Mbeya, na Mtaalamu akakaa naye huko wiki mbili. Nyumba ikabaki inavuma peke yake, na jirani wa ukuta mmoja akawa anabadilisha mkaa kwenye mabeseni kwa maelekezo ya simu. Asubuhi ya Alhamisi simu yangu ikalia.

"Balozi," Mtaalamu akasema, "mwenzangu ametangulia. Tunafika na mwili leo jioni. Andaeni nyumba."

Nikampa pole. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu niachie mimi.

"Sebule toeni kila kitu," akasema. "Chumba cha nyuma kiacheni. Nitakizima mwenyewe nikifika. Umenisikia, Balozi?"

Nikasema nimesikia. Na nilikuwa nimesikia. Simu haikukwaruza, upepo haukuvuma, siwezi kusingizia chochote.

Kwetu nyumba ya msiba hutolewa vitu. Asiyejua mila hii anaweza kushangaa kuona majirani wanaingia kwa mtu aliyefiwa na kumbebea makochi nje bila kumuuliza. Lakini ndivyo tunavyofanya. Makochi, meza, televisheni, makabati, hata picha za ukutani, vyote hutoka, akina mama wakae chini kwenye mikeka na majani ya migomba, na marehemu alazwe katikati yao. Kuacha kabati ndani ya nyumba ya msiba ni kama kumwambia mwombolezaji hakuna nafasi yako. Mimi mila hii nimeisimamia mara nyingi, naijua kama njia ya kwangu.

Saa sita mchana sebule ilikuwa tupu. Saa nane ndugu wa marehemu wakafika kutoka Kiwira, gari mbili zimejaa, na mvua ikaanza. Turubai la nje likaanza kuvuja. Akina mama wakabanana sebuleni na kwenye korido, wengine wamesimama na watoto migongoni. Mmoja wao, kaka wa marehemu, akaniuliza kama hakuna chumba kingine.

Nafasi ilihitajika, hilo ni kweli. Lakini kanisa lipo hatua mia, na nyumba yangu mwenyewe iko mkabala, sebule yake tupu. Ningeweza kusema akina mama wahamie kwangu mpaka mwili ufike. Hilo nililifikiria. Nakumbuka nililiwaza, nikaliweka pembeni, nikaenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma na magambuti yangu miguuni.

"Toeni," nikasema.

Kaka wa marehemu akasita. "Shemeji alisema hiki kisiguswe."

"Hapa msimamizi wa msiba ni mimi," nikamjibu. "Kwetu nyumba ya msiba haina kabati."

Kabati lilikuwa linawaka taa ndogo za kijani, nyingi, zinapepesa. Hakuna aliyejua wapi pa kushika. Nikapita mbele ya watu, nikakusanya nyaya zote za umeme mkono mmoja, nikavuta. Mvumo ukakatika. Nyumba nzima ikawa kimya, na watu sebuleni wakanyamaza kwa mshangao, maana walikuwa hawajui walikuwa wanasikia kitu mpaka kilipoacha kusikika.

Nitasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mke wangu. Nilifurahi. Kwenye msiba wa mwanamke niliyempenda kama dada, nimeshika nyaya mkononi, nilifurahi. Nilitazama alama za matope yangu kwenye ile sakafu aliyoninyima nikasema moyoni, haya sasa.

Tukabeba kabati na vyote vilivyomo, watu wanne, mmoja kila pembe, tukaliinamisha kulipitisha mlangoni, diski zikateleza zikagongana. Tukaliweka kwenye banda la ng'ombe nyuma ya nyumba, nikalifunika kwa turubai dogo. Baada ya saa moja wapishi wakaja kuomba lile turubai, moto wao unazimwa na mvua. Nikawaambia chukueni. Banda lile paa lake lilikuwa nusu.

Jioni mwili ulifika. Mtaalamu alishuka kwenye gari, akasimama uani, akainua kichwa kusikiliza. Wote tulimwona akisikiliza. Kisha akaingia ndani kumlaza mkewe, na hakuuliza kitu siku ile wala kesho yake tulipozika. Siku ya tatu nilimkuta kwenye banda la ng'ombe, amechuchumaa, anatoa maji ndani ya seva kwa kitambaa cha mkewe.

Nikamwambia ni wakwe zake. Nilisema, "Watu wa Kiwira walifika na haraka zao, hawakujua, mimi nilikuwa makaburini nasimamia shimo. Niliporudi nikakuta wameshatoa."

Hakunitazama. "Ndaga, Balozi," akasema. Neno hilo kwetu ni asante, na pia ni pole. Mpaka leo sijui alikuwa ananipa lipi.

Alizifukia diski kwenye magunia ya mchele. Alizianika juani, na jua lenyewe wiki ile halikutoka. Alizipeleka Mbeya kwa watu wake, wakazipeleka Dar es Salaam, zikarudi. Hazikusomeka. Na hapo ndipo nilipojua kilichokuwemo. Mle kulikuwa na mkewe. Kila wimbo aliofundisha ile kwaya, kila zoezi la Jumatano, sauti yake akiwasahihisha akina mama, akicheka, akianza upya, yote Mtaalamu aliyarekodi miaka yote ya ndoa yao. Mtu aliyewauliza watu kila siku kama wana nakala ya pili, alikuwa nayo, kwenye seva ya pili, kwenye kabati hilo hilo. Alikuwa na mpango wa kuhamishia nakala nyingine shambani kwao Kyimo. Alisema alikuwa anasubiri mke apone waende wote.

Kilichofuata ndicho kinachoniamsha mpaka leo. Mtaalamu aliamua kwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Yeye. Alisema watu walimwamini na vitu vyao, na yeye amevipoteza, hivyo haifai wasikie mitaani. Na kwa kuwa ni jambo la mtaa, akaniomba mimi balozi nimsindikize.

Nilimsindikiza. Nyumba nane, mchana mmoja, nimeshika mwavuli juu ya kichwa chake. Kila mlango alivua kofia, akasema maneno yale yale. "Nimekuja kuomba radhi. Mlinipa vitu vyenu nivitunze, nimeshindwa kuvitunza." Watu walimpa pole, wakamkaribisha chai, wakasema mwenyewe amefiwa, tusiongelee picha. Mzee wa vitenge, ambaye kanda yake ilishakatika, alimkumbatia, akasema baba yake alikwenda mara ya kwanza, sasa amekwenda mara ya pili, na zote ni kwa mapenzi ya Mungu. Bibi wa nyumba ya saba hakuelewa vizuri.

"Kwa hiyo hatarudi tena Jumamosi?" akauliza.

"Hapana, mama," Mtaalamu akasema. "Ni kosa langu."

Bibi akanigeukia mimi, si yeye. Alinitazama muda mrefu. Nilishika mwavuli kwa mikono miwili, nikatazama kuku.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Tulipofika kwenye kizingiti changu akageuka, akavua kofia tena. "Balozi, na wewe nakuomba radhi. Harusi ya binti yako ilikuwa humo."

Nikamwambia, "Usijali, ndugu yangu. Yameshatokea."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alishika sufuria, akaingia nayo ndani, na kwa siku kadhaa hakunisemesha isipokuwa kwa mambo ya chakula. Mimi nikadhani ana huzuni ya msiba.

Sebule haikufunguliwa tena. Neno la siri lilibaki moja, halikubadilishwa, na watu wakaacha kwenda getini kwa kuwa hakukuwa na sababu. Baadaye akaacha kazi, akahamia shambani kwao Kyimo, nyumba ya Makandana akawapangisha wauguzi. Nilimwona mara chache sokoni Tukuyu. Tulisalimiana. Mara zote nilijiambia leo nitamwambia, na mara zote nilikuta kuna mtu karibu, au mvua, au yeye ana haraka. Ukitaka sababu ya kutosema hukosi.

Mwaka jana, mwezi wa mvua, alinitumia ujumbe kwamba ana shida na mimi, nikiweza nifike. Nikapanda bodaboda mpaka Kyimo. Nyumba ni ndogo, iko katikati ya migomba na miparachichi, na kabla sijabisha hodi nikausikia mvumo. Ulikuwa mdogo zaidi, wa mashine moja tu.

Alikuwa amekonda. Figo, alisema, kama anayetaja jina la jirani. Alinikalisha kwenye kigoda na kunielekeza kwa kidevu kwenye kiboksi cheusi kilichokaa juu ya stuli, kinapepesa taa moja ya kijani.

"Nimeanza kukusanya," akasema. "Watu walikuwa navyo kwenye simu zao, kidogo kidogo. Mmoja ana nusu dakika, mwingine ana beti moja. Wa Kiwira wamenisaidia sana. Nina nyimbo nne zake sasa, na sehemu moja anacheka. Nakala zipo kwa watoto wangu, lakini hii ndiyo inayopokea, watu wanaendelea kutuma."

Nikasema nashukuru kusikia.

"Madaktari hawanifichi, Balozi. Nimeshamwambia balozi wa hapa kwamba siku yangu ikifika, wa kusimamia kutoa vitu ndani utakuwa wewe." Akatoa karatasi mfukoni mwa sweta, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi kubwa. "Nisomee, nijue kama naeleweka."

Nikaifungua. Nikasoma kwa sauti. Moja, bonyeza kitufe cha mbele mara moja tu, usikishikilie. Mbili, kaa chini usubiri, itachukua kama dakika tano, usiwe na haraka hata kama watu wanakuita. Tatu, taa ya kijani ikizimika yenyewe, ndipo uchomoe waya. Kabla ya hapo usichomoe.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia, "Mtaalamu, ni mimi. Si watu wa Kiwira. Ni mimi nilivuta zile nyaya. Ulinikataza nikasikia, na nikavuta."

Hakushangaa hata kidogo.

"Walibeba watu wangapi lile kabati?" akaniuliza.

Nikasema wanne.

"Na sebuleni walikuwa wangapi?"

Nikasema wengi, kama arobaini.

"Ulidhani wote mabubu?"

Ndipo nikaelewa macho ya bibi wa nyumba ya saba, na sufuria ya mke wangu, na nyumba nane zilizonikaribisha chai huku nimemshikia mwavuli mtu aliyekuwa anaomba radhi kwa kosa langu. Wote walijua. Yeye mwenyewe alijua aliponiomba nimsindikize. Mlango kwa mlango alikuwa ananipa nafasi, na mlango kwa mlango niliipita.

Nikamuuliza kwa nini basi mimi, wakati Kyimo ina watu.

"Mwingine anaweza kukosea," akasema. "Wewe huwezi tena." Akafumba macho, akaegemea ukuta. "Endelea. Namba nne."

Nikafuta uso kwa mkono, nikaitafuta namba nne, nikaisoma. Ilisema, ukimaliza, toeni kila kitu nje, watu wapate pa kukaa.